Ploti ya bei rahisi palipokuwa na gereji ya betri, ninunue au niache?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Busia, upande wetu wa Uganda: "Kaka, kuna ploti ya futi 50 kwa 100 inauzwa hapa mjini, bei ni kama nusu ya zile za jirani. Zamani palikuwa gereji, nyuma kuna banda walipokuwa wanapasua betri za magari na kuyeyusha, mbele kuna matangi mawili ya chini ya kituo cha petroli kilichokufa. Kisima kipo. Nataka kujenga nyumba ya kuishi na kulima dodo (mchicha) na sukuma kidogo. Nina watoto wawili, mdogo ana miaka 2, nimeenda naye kuangalia ploti mara tatu akawa anachezea udongo. Mwenye ploti anasema mvua ya miaka kumi imeshaosha kila kitu. Ninunue?"

Dada, asante sana kwa kuuliza kabla hujalipa, manake wengi wananipigia wakishamwaga msingi na hapo kila ushauri unakuwa wa gharama.

Nianze na huyo mwenye ploti na mvua yake. Si kweli. Madini ya risasi yaliyo ndani ya betri hayaoshwi na mvua wala hayaozi kama majani, yanashikana na udongo wa juu, zile sentimita chache za kwanza ambazo mtoto ndo anachezea, na yanakaa hapo miaka mingi kuliko umri wa wajukuu zako. Mvua inachofanya ni kuyahamisha. Angalia Kasese. Mgodi wa shaba wa Kilembe ulianza kuzalisha 1956 na ukasimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini mabaki ya mawe yaliyosagwa yalibaki kando ya mto Nyamwamba, na mafuriko ya Mei 2013, na mengine baadaye, yaliyabeba yakayapeleka chini kwa watu. Na lile rundo la pyriti (mabaki ya mgodi yenye chuma na salfa) lililowekwa mjini Kasese, mvua ilikuwa inalinyeshea linatoa asidi yenye metali, ikashuka mpaka ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth upande wa ziwa George, ilipopita majani yakafa ikaacha kipande cha ardhi tupu. Watafiti wamepima udongo na mboga za kule wakakuta shaba na kobalti bado zipo. Kwahiyo mtu akikwambia mvua imeosha muulize imepeleka wapi.

Sasa jambo ambalo ndo uti wa mgongo wa kazi yetu hii ya kupima viwanja vyenye sumu. Sumu kuwa ardhini si sawa na sumu kuwa mwilini. Mtu aumie lazima vitu vitatu vikutane: sumu yenyewe, njia ya kupita, na mtu aliye mwisho wa njia. Ukikata kimoja tu hatari inakatika. Udongo wenye risasi ukiwa chini ya zege nene la duka haumdhuru muuza duka, ila udongo uleule ukiwa uwanja wa mtoto wa miaka miwili ni msiba. Ndo maana siwezi kukujibu ndiyo au hapana kwa ploti peke yake, najibu kwa ploti pamoja na nyumba, kisima, dodo na mtoto wako.

Huyo mdogo ndo ananipa wasiwasi kuliko vyote. Betri moja ya gari, zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, chukulia kilo kumi hivi. Wakiipasua kwa shoka wanamwaga asidi chini, na ile asidi ina unga wa risasi ndani yake, alafu wakiyeyusha kwenye sufuria moshi unapanda unatua kwenye udongo, kwenye mabati, kwenye kuta. Mtoto wa umri huo anacheza chini, anashika, analamba vidole, kwa siku anameza kama miligramu 100 za udongo na vumbi bila hata kuwa na tabia ya kula udongo. Tufanye hesabu. Kama udongo wa kule bandani una miligramu 2,000 za risasi kwa kila kilo, na kwenye sehemu za kuyeyushia betri hiyo si namba ya ajabu, inavuka hapo kirahisi, basi kila siku anameza mikrogramu 200. Mtu mzima akimeza risasi mwili wake unachukua kama sehemu moja ya kumi, nyingine inapita, lakini mtoto anaweza kuchukua karibu nusu. Inaingia kwenye damu, inaingia kwenye ubongo unaokua, nyingine inajificha kwenye mifupa. Shirika la Afya Duniani linasema wazi hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Na mtoto haonyeshi kitu, hana homa hana upele, anakuwa mzito tu wa kusoma, hatulii, anakosa damu, na mwalimu anasema mtoto huyu ni mtundu.

Sikutishi bure. Zamfara kule Nigeria mwaka 2010 zaidi ya watoto 400 walikufa sababu wazazi walikuwa wanasaga mawe ya dhahabu yenye risasi kwenye viwanja vya nyumbani. Madaktari waliokwenda kusaidia walikuwa wanasubiri uwanja wa nyumba usafishwe kwanza ndo wamtibu mtoto, manake ukimtibu ukamrudisha kwenye udongo uleule hujafanya kitu. Na karibu zaidi na sisi, Owino Uhuru pale Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilikaa pembeni ya makazi, watu wakaugua, mwanaharakati Phyllis Omido na wenzake wakapambana mpaka mwaka 2020 mahakama ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kiwanda kilikuwa kimeshafungwa zamani, udongo ulibaki.

Haya, tuje kwenye ploti yako. Kabla ya kupima chochote, tafuta historia, na hii haina gharama zaidi ya soda na muda. Nenda kwa mwenyekiti wa LC1 (serikali ya mtaa), nenda kwa wazee waliokaa mtaa huo, tafuta hata fundi aliyefanya kazi pale gereji. Uliza betri zilipasuliwa kona gani hasa, sufuria ya kuyeyushia ilikuwa wapi, maganda meusi ya betri walitupa wapi, oili chafu ya magari walimwaga wapi. Uliza kama ploti iliwahi kujazwa kifusi na kilitoka wapi, manake siku hizi watu wanajaza viwanja kwa takataka alafu wanafunika marram (udongo mwekundu wa barabara) juu inapendeza. Na kwa vile ni Busia, na wachimbaji dhahabu wa Tiira hawako mbali, uliza pia kama kuna mtu aliwahi kuchoma dhahabu kwa zebaki hapo nyuma ya nyumba. Zebaki ni habari nyingine na inapimwa kivyake, usipoitaja maabara hawataitafuta.

Alafu tembea mwenyewe, bila mtoto, na viatu vilivyofungwa. Angalia vipande vya plastiki nyeusi nene, hayo ni maganda ya betri. Angalia vipande vya kijivu vizito kuliko jiwe la ukubwa huo, ni mabaki ya kuyeyusha. Sehemu ambayo majani hayaoti kabisa wakati pembeni yameota, weka alama. Udongo mweusi unaonuka mafuta, weka alama. Ila naomba usije ukasema "majani yameota vizuri basi hakuna sumu", risasi haiui nyasi kwa urahisi, dodo linaweza kuwa kijani linang'aa na lina risasi ndani na vumbi lake juu.

Kuhusu kupima. Hapa niliwahi kukosea mimi mwenyewe miaka yangu ya mwanzo, nilichukua udongo sehemu kumi za kiwanja nikauchanganya kwenye ndoo moja, nikapeleka sampuli moja, jibu likaja zuri nikamwambia mwenye kiwanja ajenge. Baadaye ikaonekana kona moja ilikuwa chafu mno, ile ndoo ilikuwa imeificha kwenye udongo safi wa sehemu nyingine tisa. Tangu siku hiyo kona inayoshukiwa naichukulia sampuli yake peke yake. Kwa ploti yako fanya hivi: banda la betri na mita kadhaa kulizunguka, sampuli tano au sita tofauti, kila moja sentimita 5 za juu, alafu kwenye mbili au tatu za hizo chimba uchukue tena sentimita 30 na 60 ujue imeshuka wapi. Sehemu ya nyumba na ya bustani gawa vipande, kila kipande sampuli yake. Chukua na moja ng'ambo ya barabara pale ambapo hapakuwa na gereji, uwe na cha kulinganisha. Tumia kijiko cha chuma kisichopata kutu au cha plastiki, kisichopakwa rangi, kioshe kila ukihama, weka kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) mpya sio iliyobeba sukari, andika namba na mahali, piga picha na simu.

Maabara ya serikali ya uchunguzi iko Wandegeya, Kampala, na vyuo vikuu kama Makerere vina maabara zinazopima metali. Lakini sikiliza vizuri hapa, watu wengi wanapeleka udongo kule kunakopimwa rutuba, wanarudi na karatasi ya naitrojeni, fosforasi, potasiamu na hali ya asidi wanadhani wamepimwa sumu. Hicho ni kipimo cha mkulima, kizuri kabisa kwa kazi yake, risasi hakioni. Taja kwa mdomo na kwa maandishi unataka risasi, arseniki, antimoni na kadimiamu, na hali ya asidi pia sababu asidi ya betri inafanya metali zitembee zaidi. Karibu na matangi na sehemu ya oili taja mafuta ya petroli na benzini, na hizo sampuli hazikai kwenye kaveera, zinataka chupa ya kioo iliyojaa mpaka juu na barafu, kwahiyo waulize maabara wakupe chupa zao. Kama utapata mtaalamu mwenye ile mashine ya mkononi ya eksirei, anaweza kupima sehemu arobaini kwa asubuhi moja alafu mkapeleka maabara chache tu za kuhakikisha, na hiyo ndo njia ninayoipenda.

Namba zikija, soma hivi. Udongo wa kawaida una risasi miligramu 10 mpaka 30 hivi kwa kilo. Marekani kwa miaka mingi walitumia 400 kwa sehemu wanapocheza watoto, mwaka 2024 wakashusha mpaka 200, na jimbo la California wanaanza kuangalia kuanzia 80. Mimi kwa nyumba yenye mtoto mdogo, chini ya 80 nalala, kati ya 80 na 200 nafunika na kuwa mwangalifu na bustani, juu ya 200 mtoto hakanyagi mpaka kazi ifanyike, na ikifika maelfu hiyo ni kazi ya watu wenye leseni sio ya vijana wa mtaani na sepeto.

Matangi na kisima ni kesi yake. Matangi ya zamani ni ya chuma ukuta mmoja, yanaliwa na kutu kimyakimya. Petroli ikivuja inashuka mpaka kwenye maji ya chini alafu inaelea juu yake, benzini ndani yake inayeyuka kwenye maji na kusafiri nayo, na mvuke unarudi juu unaingia ndani ya nyumba kupitia nyufa za sakafu. Benzini inaleta saratani ya damu, Shirika la Afya Duniani linaruhusu mikrogramu 10 tu kwa lita ya maji ya kunywa. Usitegemee pua. Kuna watu wanaona utando wa rangirangi juu ya maji ya kisima wanasema mafuta: chukua kijiti uuguse, ukipasuka vipande kama sahani iliyovunjika ni bakteria wa chuma, hawana shida kubwa, ukizunguka kijiti na kujiunga tena hayo ni mafuta kweli. Kisima hicho mimi ningekifunga kwa kunywa na kupikia mpaka kipimwe, vuta maji ya bomba. Na usichemshe ukadhani umesafisha, kuchemsha kunaua vijidudu ila risasi inabaki palepale, tena maji yakipungua yenyewe inazidi.

Na matangi yenyewe, nakuomba kwa mikono miwili, usimpe fundi wa kuchomelea ayakate auze vyuma chakavu. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, mvuke uliobaki ukiguswa na cheche unalipuka kama bomu. Kuyatoa kunahitaji watu wanaojua kutoa gesi kwanza, na wizara ya nishati pamoja na NEMA (mamlaka ya mazingira) wajulishwe. Hiyo gharama ni ya muuzaji, si yako.

Sasa tuseme vipimo vimesema banda la nyuma ni chafu na sehemu nyingine iko sawa, ambayo kwa uzoefu wangu ndo hali inayotokea mara nyingi. Ploti yako ni kama mita za mraba 465. Kama uchafu uko robo ya ploti na umeshuka sentimita 30, udongo wa kutoa ni mita za ujazo 35 hivi, yaani tripu tano kwa lori la mita saba. Hiyo inawezekana. Lakini ukisema unyoe ploti nzima, unazungumzia tripu ishirini, na ukitoa lazima urudishe udongo safi, ambao nao uupime. Na ule uliotoka hauendi kwenye bwawa wala kwa jirani anayetaka kujaza shimo, huko utakuwa umehamisha msiba tu, sheria yetu inauita taka hatari na unabebwa na mwenye leseni ya NEMA. Wakati wa kuchimba mwagia maji vumbi lisiruke, wafanyakazi wavae barakoa nzuri, wasile hapo, na nguo za kazi zisiende nyumbani kufuliwa na za watoto.

Njia ya pili ni kuacha udongo palepale na kukata njia. Panga ujenzi ili kona ya betri iwe chini ya zege, kwa mfano maegesho ya gari au stoo, kamwe usiifanye jikoni la nje wala uwanja wa watoto. Sehemu isiyowekwa zege, tandika kitambaa cha kutenganisha chenye rangi kali, juu yake nusu mita ya udongo safi na nyasi, yule atakayekuja kuchimba miaka ijayo akiona ile rangi ajue asimame. Kifuniko kina ubaya wake, kinataka kuangaliwa, mvua za Busia zikikata mfereji au kuku wakifukua sumu imerudi juu. Mtu wa kukiangalia ni wewe, kila msimu wa mvua.

Bustani ifanye kwenye vitanda vilivyoinuliwa, sentimita 50 za udongo ulioletwa, na kitambaa chini. Mboga za majani kama dodo na sukuma ndo mbaya zaidi kwenye udongo mchafu sababu ya vumbi na sababu majani yanabeba, mihogo na viazi navyo vinakaa ndani ya udongo wenyewe. Matunda ya miti kama maembe yanabeba kidogo sana. Chokaa kwenye udongo wenye asidi inasaidia risasi isitembee, ila inaituliza tu, haiitoi. Na kama kuna mwenye mimba nyumbani anayependa kula udongo, asiuguse wa hapo hata chembe.

Upande wa karatasi, usikubali makubaliano ya mauziano ya ukurasa mmoja. Muuzaji aandike ploti ilitumika kwa nini, matangi ni ya nani na nani atayatoa, na malipo yagawanywe: sehemu ndogo sasa, kubwa baada ya vipimo na matangi kutoka. Sheria yetu ya mazingira ya 2019 inasimama kwenye msingi kwamba aliyechafua ndiye analipa, na katiba kifungu cha 39 inatupa wote haki ya mazingira safi, lakini aliyechafua akishauza akapotea, wewe ndo utakuwa umekalia uchafu. Bei iwe imepungua kwa gharama ya kusafisha na zaidi kidogo. Nusu bei inaonekana zawadi mpaka uweke matangi mawili, tripu tano na vipimo, ndo unaona jirani alikuwa rahisi. Msimamo wangu: bila vipimo usinunue hata kwa robo bei. Vipimo vikionyesha uchafu uko bandani tu na muuzaji akatoa matangi kwa mkataba, nunua. Akikataa watu wasipime udongo wake, ameshakujibu, tafuta ploti nyingine.

Kuhusu mtoto wako mdogo, mara tatu si miezi, usikose usingizi. Nguo na viatu alivyovaa vioshe peke yake, kata kucha, mnawishe mikono kwa sabuni kabla ya kila chakula, kitambaa chenye maji kipite sakafuni badala ya ufagio mkavu. Maziwa hayasafishi sumu kama mafundi wa betri wanavyoamini, ila mtoto anayeshiba vizuri, mwenye chuma na kalsiamu ya kutosha, mwili wake hauvuti risasi nyingi kama wa mwenye njaa, kwahiyo maharage, mukene (dagaa) na mayai yasikose. Ukiweza mpeleke apimwe risasi kwenye damu, uliza kwanza kwa daktari wa watoto hospitali kubwa sampuli zinapelekwa wapi. Damu itolewe kwenye mshipa sio kwenye kidole, kidole chenye vumbi kinadanganya kipimo. Ikija 5 au zaidi, hiyo ni mikrogramu kwa desilita, rudi kwa daktari na hiyo karatasi, umwambie neno kwa neno alichezea udongo wa wapi.